Kuanza Kupiga Picha za Infraredi kwa Kamera ya Dijitali

Mpiga picha wa Pwani hufundishwa mapema kwamba kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri kamera ipumzike, kwa kuwa jua la utosini hupausha rangi, hukunjisha nyuso za watu na kuwachora vivuli vyeusi chini ya macho. Katika upigaji picha wa infraredi, saa hizo hizo ndizo za kazi. Jua kali, anga safi na majani mabichi yaliyoshiba mvua ndiyo mahitaji yake makubwa, na kwa hayo mkazi wa Bagamoyo, Malindi au Pemba amejaliwa kuliko mwenzake wa London. Kinachobaki ni kuielewa kamera, kwa sababu kamera ya kawaida imeundwa makusudi isiuone mwanga huu.

Jicho la binadamu huona mwanga wenye urefu wa wimbi wa kati ya nanometa 400 na 700 hivi (nanometa moja ni sehemu ya bilioni ya mita). Infraredi huanzia pale wekundu unapoishia. Mwanaastronomia William Herschel aliigundua nchini Uingereza mwaka 1800 alipopitisha mwanga wa jua kwenye prizimu, akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo macho yake hayakuona kitu, akakuta joto limepanda kuliko kwenye rangi zenyewe. Sehemu tunayoitumia sisi ni ile ya jirani kabisa na wekundu, kati ya nanometa 700 na 1,000 hivi, ambayo kihisi cha kamera, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga wa picha, kwa kuwa kimetengenezwa kwa silikoni, kinaweza kuipokea. Isichanganywe na kamera za kupima joto la abiria kwenye viwanja vya ndege, ambazo hufanya kazi kwenye mawimbi marefu zaidi ya mara kumi. Picha zetu hazionyeshi joto la mtu wala la nyumba. Zinaonyesha mwanga wa jua ulioakisiwa na vitu, ila ni ule ambao macho hayaupati.

Na vitu huuakisi kwa namna ya kushangaza. Klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, hufyonza mwanga wa bluu na mwekundu, lakini infraredi huipita bila kuzuiwa, ikaingia ndani ya jani, ikagongana na kuta za seli na vijinafasi vya hewa, kisha sehemu kubwa ikarudishwa nje. Ndiyo maana mwembe ulio kijani kizito kwa macho hutokea kwenye picha ukiwa mweupe kama uliomwagiwa unga. Mwanafizikia wa Marekani Robert W. Wood alichapisha picha za namna hiyo mwaka 1910, na hadi leo weupe huo wa majani unaitwa kwa jina lake. Anga la bluu nalo hugeuka karibu jeusi, kwa kuwa hewa hutawanya mawimbi mafupi zaidi kuliko marefu, huku mawingu yakibaki meupe. Maji ya kina, yakiwa hayaakisi mawingu, huwa meusi. Utusitusi wa mbali hupungua pia, kiasi kwamba mlima uliofifia kwa macho unaweza kuonekana wazi zaidi pichani, ingawa ukungu mzito wa asubuhi hauondolewi na infraredi.

Jaribio la rimoti

Kabla ya kununua chochote, chukua rimoti ya televisheni. Taa ndogo iliyoko mbele yake hutoa infraredi, mara nyingi ya nanometa 940 hivi. Ingia kwenye chumba chenye giza, ielekeze kwenye lenzi, bonyeza kitufe, kisha tazama kioo cha nyuma cha kamera. Ukiona nukta ya zambarau au nyeupe inayong'aa sana, kamera yako inapitisha infraredi ya kutosha. Nukta ikiwa hafifu, bado unaweza kufanya kazi kwa subira. Isipoonekana kabisa hata ukipiga picha ya sekunde kadhaa, basi kamera hiyo haifai bila kufanyiwa upasuaji. Unaweza kujaribu vilevile kwa simu, na utakuta mara nyingi kamera ya mbele inaiona nukta hiyo vizuri kuliko ya nyuma.

Tofauti hizo husababishwa na kioo chembamba ambacho watengenezaji huweka mbele ya kihisi ili kuzuia infraredi isiharibu rangi za kawaida. Kioo hicho si ukuta kamili. Kinavuja, na kiasi cha uvujaji hutofautiana kutoka modeli hadi modeli. Kwa ujumla kamera kuukuu za dijitali huvuja zaidi, jambo linalozipa thamani zile ambazo watu wamezitupa kabatini.

Filta, au kamera ya kugeuza

Njia ya kwanza ni kuiacha kamera kama ilivyo na kufunga mbele ya lenzi filta inayozuia mwanga unaoonekana na kupitisha infraredi. Filta ya kuanzia ni ya nanometa 720. Hoya R72 ndiyo inayojulikana zaidi. Ukiishika mkononi utaona kioo cheusi, chenye wekundu hafifu ukikielekeza kwenye taa. Ziko pia za nanometa 850, ambazo hutoa picha zinazofaa kwa rangi nyeusi na nyeupe tu, na za 590 au 665, ambazo huacha rangi nyingi zaidi lakini hazina maana kwenye kamera isiyogeuzwa, kwa kuwa mwanga mwekundu wa kawaida utaimeza ile infraredi kidogo inayovuja. Kipenyo cha filta kimeandikwa kwenye ukingo wa lenzi baada ya alama ya duara lenye mstari, kwa mfano 58 au 67. Mwenye lenzi kadhaa anunue filta ya ile kubwa kuliko zote, kisha pete za bei nafuu za kuunganishia zile ndogo.

Asiye na fedha ya filta afungue bahasha za negativu za zamani ambazo familia nyingi bado wanazo. Ule mwanzo wa filamu ya rangi, uliopigwa na jua kabla ya kusafishwa na kutoka mweusi tii, huzuia sehemu kubwa ya mwanga unaoonekana na kupitisha infraredi. Vipande viwili vilivyopachikwa mbele ya lenzi ya simu vinatosha kukuonyesha mti mweupe kwa mara ya kwanza. Ubora wake ni wa kubahatisha, lakini ni jaribio zuri la jioni moja.

Hapa nitoe onyo moja zito. Usitazame jua kupitia filta hizi wala kupitia negativu hiyo. Giza lake linadanganya: mboni hupanuka kwa kudhani hakuna mwanga, ilhali infraredi inapita moja kwa moja na kuunguza retina bila maumivu yoyote ya kukuonya.

Njia ya pili ni kumpa fundi kamera akitoe kile kioo cha ndani na kuweka badala yake filta ya infraredi, au kioo cheupe kinachopitisha kila kitu ili uchague filta mwenyewe mbele ya lenzi. Kamera iliyogeuzwa hupiga infraredi kwa kasi karibu ya kawaida, mkononi, bila stendi. Hasara ni kwamba waranti hupotea na kamera hairudi kwenye kazi za harusi. Kazi hii isifanywe na mtu anayejifunza kufungua kamera. Zile zenye flashi ya ndani zina kapasita inayoweza kushikilia volti takriban 300 hata baada ya betri kutolewa, na unene wa kioo kipya ukikosewa fokasi huharibika. Fundi wa kwanza niliyempelekea yangu aliirudisha ikiwa na chembe mbili za vumbi chini ya kioo kipya, mahali ambapo hakuna brashi inayofika, na nimeendelea kuzifuta kwenye anga la kila picha tangu hapo. Ushauri wangu ni kuanza na filta ya 720 kwa mwezi mmoja au miwili. Ukiona bado unaamka na hamu hiyo, tafuta kamera iliyotumika isiyo na kioo cha kurukaruka ndani (mirrorless), uigeuze hiyo.

Siku ya kwanza

Tuchukue mfano wa mbuyu mkubwa ulioko kwenye magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo. Uchaguzi wa mwezi una uzito kuliko uchaguzi wa lenzi. Mbuyu hupukutisha majani kiangazi, na mbuyu ulio uchi hauna cha kukuonyesha kwenye infraredi zaidi ya gome la kijivu. Nenda mwishoni mwa masika, majani yakiwa yamejaa na mvua zimeanza kuachia, siku yenye mawingu machache yaliyotawanyika, kwani anga tupu jeusi huchosha macho. Fika saa tano na nusu. Mawe ya matumbawe ya magofu, yaliyopigwa na jua, yatatoka na mwanga wa kati, na hivyo yatajitenga na nyasi nyeupe na anga jeusi.

Simamisha stendi ya miguu mitatu, weka kamera kwenye faili za RAW, yaani zile ambazo kamera haijazichakata, ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) 200 au 400, tundu la lenzi f/8 (namba ya f ikipanda, tundu hupungua). Panga picha na uweke fokasi kwenye gome la mbuyu kabla ya kufunga filta, kisha zima fokasi ya kujiendesha ili isihangaike gizani. Ndipo uifunge filta taratibu kwa ncha za vidole, bila kuigusa pete ya fokasi. Infraredi hukutana nyuma ya lenzi mbali kidogo kuliko mwanga wa kawaida, ndiyo maana lenzi nyingi za zamani zina alama ndogo nyekundu kando ya mstari wa fokasi: ikiwa ipo, sogeza umbali uliosomwa hadi kwenye alama hiyo. Ikiwa haipo, f/8 au f/11 itafidia kosa kwa sehemu kubwa. Usizidishe hapo, kwa kuwa tundu dogo mno hulegeza ukali wa picha, na kwenye infraredi ulegevu huo huja mapema zaidi.

Kipimo cha mwanga cha kamera usikiamini, kwani kimetengenezwa kwa mwanga mwingine. Anza na sekunde 10, tazama histogramu, yaani mchoro wa mgawanyo wa mwanga pichani, hasa ya chaneli nyekundu, ambayo hujaa kabla ya nyingine, kisha ongeza au punguza. Kamera nyingi zisizogeuzwa huangukia kati ya sekunde 5 na 30 chini ya jua la adhuhuri. Tumia saa ya kuchelewesha shata ili kidole kisiitikise kamera, na kama kamera ina kitundu cha kuchungulia chenye kioo cha ndani, kifunike kwa kitambaa cheusi. Picha zangu sita za kwanza zilitoka na doa la zambarau katikati, nikailaumu lenzi wiki nzima, kumbe jua lililokuwa mgongoni lilikuwa linaingia kwa kupitia kitundu hicho.

Kwa muda mrefu hivyo, upepo ni jambo la kuhesabiwa. Shina la mbuyu halitikisiki, lakini makuti ya mnazi wakati wa kusi yatageuka moshi mweupe. Wapo wanaoupenda moshi huo, nami ni mmoja wao, mradi kuwe na kitu kimoja kilichotulia pichani.

Doa jingine halitokani na uvujaji. Baadhi ya lenzi, zikiwemo nzuri na za gharama, hutoa duara jeupe katikati ya picha ya infraredi kwa sababu rangi iliyopakwa kwenye vioo vyake na ndani ya mwili wake haikukusudiwa mwanga huu. Duara huonekana zaidi tundu linapopunguzwa. Piga anga moja kwa f/4, f/8 na f/16, na utajua mara moja lenzi ipi ibaki nyumbani.

Watu pia hupendeza kwa infraredi, ngozi zao zikiwa laini kama porselini na mboni zikiwa nyeusi. Waulize kwanza, kwa kuwa baadhi ya vitambaa vyembamba vya viwandani hupitisha infraredi kuliko mwanga wa kawaida, na mtu ana haki ya kujua hilo kabla hujabonyeza.

Kwenye kompyuta

Picha itakayotoka itakuwa nyekundu tupu, na wengi hukata tamaa hapo. Dawa ni uwiano wa weupe. Ukiwa bado uwanjani, filta ikiwa imefungwa, piga nyasi zilizo juani zikijaza picha nzima, kisha iagize kamera ichukue picha hiyo kuwa kipimo chake cha weupe. Kamera ikikataa, chagua nyasi hizo kwa kalamu ya weupe ndani ya programu ya kusafishia RAW. Programu nyingine, Lightroom ikiwa mojawapo, haziteremki chini ya Kelvin 2,000 kwenye kipimo cha joto la rangi, hivyo hubaki na wekundu mpaka utengeneze wasifu maalumu wa kamera yako.

Baada ya hapo majani yatakuwa meupe yenye ubaridi kidogo na anga litakuwa la kahawia. Anayetaka anga la bluu hubadilishana chaneli: ndani ya programu ya Photoshop au GIMP, fungua kichanganyaji cha chaneli, kwenye chaneli nyekundu weka nyekundu 0 na bluu 100, kwenye chaneli ya bluu weka nyekundu 100 na bluu 0, na kijani usikiguse. Matokeo ya filta ya 720 huwa na rangi kidogo, na kuisukuma zaidi huleta punje chafu angani. Mbuyu wa Kaole mimi niliugeuza mweusi na mweupe, nikapandisha tofauti ya mwanga kwenye mawingu peke yake, na majani nikayashusha kidogo mpaka mishipa yake ikaanza kuonekana tena ndani ya ule weupe.