Kulinda Seli za Fomula Katika Lahajedwali la Pamoja Linalojazwa kwa Simu

Chukua lahajedwali dogo la bidhaa ambalo safu wima ya A ina majina, B ina idadi, C ina bei, na D ina fomula inayozidisha idadi kwa bei. Katika safu mlalo ya 4, idadi ni 30, bei ni 150, na seli ya D4, yenye fomula =B4*C4, inaonyesha 4500. Mwenzako analifungua kwa simu, anadhani kwamba D4 nayo ni ya kujazwa, anaandika 4500 kwa mkono wake na kuendelea na shughuli zake. Machoni pa kila mtu hakuna kilichobadilika. Siku mbili baadaye idadi inarekebishwa kuwa 45, lakini D4 inabaki 4500 ilhali ilipaswa kuwa 6750, na kosa hilo linaingia kwenye jumla kuu bila yeyote kushtuka.

Kwenye kompyuta ajali ya namna hii hutokea mara chache zaidi, kwa kuwa mtu huona ukurasa mpana pamoja na upau wa fomula ulio wazi juu yake. Kwenye simu, kidole hufunika seli mbili tatu kwa wakati mmoja, vichwa vya safu huwa vimeshapotea kwenye skrini, na fomula haionekani mpaka seli yenyewe iguswe. Kwa hiyo anayesimamia lahajedwali la pamoja asitegemee uangalifu wa wajazaji, hata kama wote ni watu makini. Apange mambo ili kidole kikikosea kisiwe na cha kuharibu.

Kazi ya kuweka ulinzi ifanye kwenye kompyuta. Programu ya simu ya Google Sheets hutii ulinzi uliowekwa huko: asiye na ruhusa akijaribu kuandika kwenye seli iliyofungwa, huzuiwa. Ikiwa huna kompyuta karibu, unaweza kulifungua lahajedwali ndani ya kivinjari cha simu na kuchagua, kwenye menyu ya kivinjari, ukurasa uonyeshwe kama unavyoonekana kwenye kompyuta. Kiungo kikiguswa kawaida mara nyingi hurukia kwenye programu, basi kikandamize kwa muda na ukifungue katika kichupo kipya. Menyu zitakuwa ndogo mno na utahitaji kuilaza simu na kukuza skrini, lakini kwa marekebisho ya dharura njia hii inatosha.

Ukishafika kwenye menyu ya Data, tafuta chaguo la kulinda laha na masafa (laha ni ukurasa mmoja wa lahajedwali, masafa ni kundi la seli zinazopakana). Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kufunga masafa fulani tu, kwa mfano D2:D500, na kuacha sehemu nyingine zote wazi. Ya pili ni kufunga laha nzima, kisha kutaja seli zitakazobaki wazi, kwa mfano A2:C500. Wengi huanza na ya kwanza kwa sababu inaonekana nyepesi. Kwa lahajedwali linalojazwa kwa simu mimi hupendelea ya pili, kwa kuwa inafunga pia yale ambayo hukuyafikiria: vichwa vya safu, seli ya jumla kuu iliyo pembeni, na hata uwezo wa kufuta au kuingiza safu mlalo. Gharama yake ni kwamba wajazaji hawataweza kupanga upya laha nzima kwa alfabeti au kwa tarehe, na safu mlalo zilizo wazi zikijaa itabidi wewe mwenyewe uongeze nyingine. Ukiacha safu 500 tangu mwanzo, usumbufu huo utachelewa kukufikia.

Baada ya kuchagua masafa utaulizwa ni nani anaruhusiwa kuhariri sehemu iliyofungwa, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Orodha ya watu uliokwisha kuwapa haki ya kuhariri inaweza kutokea ikiwa na alama za tiki zote. Ukihifadhi bila kuziondoa, utakuwa umeweka kufuli na kumgawia kila mtu ufunguo. Ondoa tiki hizo, bakisha jina lako na la mtu mmoja atakayeshika nafasi yako usipokuwepo. Kuna pia chaguo la kuonyesha onyo tu badala ya kuzuia. Silipendekezi hata kidogo kwa watumiaji wa simu, maana onyo huzoeleka upesi, na kidole hugusa neno la kukubali kabla jicho halijamaliza kusoma.

Kwa Excel mantiki ni tofauti kidogo na huwachanganya wengi. Seli zote huwa zimewekewa alama ya kufungwa tangu mwanzo, ila alama hiyo haifanyi kazi mpaka laha yenyewe ilindwe. Kwa hiyo anza kinyume: chagua seli za kujazwa, fungua mipangilio ya muundo wa seli, nenda sehemu ya ulinzi na uondoe alama ya kufungwa, kisha ndipo ulinde laha kupitia menyu ya mapitio. Anayelinda laha bila kutangulia na hatua hiyo hujikuta ameifunga yote, na simu za wenzake huanza kulia kwa malalamiko.

Kufunga seli za fomula hakuzuii uchafu kuingia kwenye seli zilizo wazi. Kwa safu ya idadi, weka kanuni ya uthibitishaji wa data inayokubali namba tu na kukataa kingine chochote. Kwa safu zenye majibu machache yanayojirudia, weka orodha kunjuzi, ambayo kwenye simu humwondolea mtu kazi ya kuandika. Fahamu tu kwamba seli iliyonakiliwa mahali pengine na kubandikwa hapo inaweza kuja na kanuni zake na kufuta zako. Waelekeze wenzako watumie ubandikaji wa thamani pekee, yaani unaoleta kilichoandikwa bila kanuni zake.

Kwa kuwa hakuna kufuli lisilosahaulika wazi siku moja, mimi huongeza mtego. Chagua D2:D500, weka umbizo la masharti (mwonekano unaobadilika wenyewe sharti likitimia) lenye fomula maalumu =NOT(ISFORMULA(D2)), na uchague rangi nyekundu. Tangu hapo, seli yoyote ya safu hiyo ambayo fomula yake imefutwa au imefunikwa kwa namba ya mkono itawaka nyekundu, hata kwenye simu, na hata kama namba yenyewe ni sahihi. Ile 4500 ya mfano wetu isingepita kimya siku mbili. Mtego huu hufanya kazi katika Google Sheets na katika Excel pia.

Sasa jaribu ulichokifanya, ila usijaribu kwa akaunti yako. Katika Google Sheets mwenye faili hazuiwi na ulinzi wake mwenyewe, hivyo ukigusa D4 kwa simu yako na kuandika, itakubali, nawe utadhani kufuli halikushika. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikiweka na kuondoa ulinzi ambao tangu mwanzo ulikuwa sawa. Azima simu ya mmoja wa wajazaji, au tumia akaunti ya pili uliyoipa haki ya kuhariri, kisha jaribu mambo matatu: kuandika kwenye D4, kufuta safu mlalo nzima, na kuandika neno kwenye safu ya idadi. Yote matatu yakatae. Na mjazaji akilalamika kwamba amezuiwa hata mahali palipo wazi, kwanza mwambie aangalie picha ya akaunti kwenye kona ya juu ya programu, kwa maana simu nyingi zina akaunti mbili na huenda amefungua kwa ile isiyo na ruhusa.

Ulinzi huu huzuia ajali, hauzuii mtu mwenye nia. Anayeweza kuliona lahajedwali kwa kawaida anaweza kulinakili, na nakala hiyo ni yake kuihariri apendavyo. Basi mambo ya siri yasiwekwe humo kwa kutegemea kufuli la seli. Yaweke kwenye faili nyingine usiyoishiriki. Na ikiwa wajazaji wako wanaongeza tu taarifa mpya bila kuhitaji kusahihisha za zamani, usiwape haki ya kuhariri kabisa: watumie fomu ya Google Forms, ambayo majibu yake huingia yenyewe kwenye lahajedwali.

Seli ikiharibika licha ya yote hayo, fungua faili kwenye kompyuta, bofya seli hiyo kwa kitufe cha kulia na uangalie historia yake ya kuhaririwa ili ujue ilibadilishwa lini. Kisha nakili seli ya D3 na uibandike kwenye D4. Usikimbilie kurejesha toleo zima la juzi, kwa sababu litaondoa kwenye laha kila kitu ambacho wenzako wamekijaza kihalali tangu siku hiyo.