Jinsi ya Kusoma Hesabu za Klabu ya Soka, Hatua kwa Hatua

Kila msimu wa mikutano mikuu ukifika, simu yangu haipumziki. Wanachama wa klabu mbalimbali wanajua mimi ni mhasibu, na swali lao ni moja: "Klabu yetu ina hela au haina?" Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja kwa miaka. Sasa naandika ninavyofanya mwenyewe hesabu za klabu zinapofika mezani kwangu, ili kila mwenye kalamu na kikokotoo cha simu aweze kujijibu.

Mfano nitakaotembea nao ni Derby County ya Uingereza. Nimeichagua kwa sababu karibu kila kitu kinachoweza kuharibika kwenye hesabu za klabu kiliharibika pale, na mambo yake yamejadiliwa hadharani kuliko ya klabu nyingi.

Hatua ya 1: Zipate hesabu zenyewe

Usitegemee gazeti wala msemaji wa klabu. Kwa klabu za Uingereza, ingia kwenye tovuti ya Companies House, msajili wa makampuni wa nchi hiyo. Andika jina la kampuni, fungua hesabu zilizokaguliwa, pakua. Ni bure. Angalizo: klabu moja inaweza kuwa na kampuni tatu au nne, moja ya timu, nyingine ya uwanja, nyingine inayomiliki zote. Tafuta ile ya juu kabisa, yenye hesabu za kundi zima.

Kwa klabu za wanachama kama tulizozizoea Tanzania na Kenya, omba kitabu kizima cha hesabu kabla ya siku ya mkutano. Ukurasa mmoja unaosomwa haraka pale mezani hautoshi.

Hatua ya 2: Soma barua ya mkaguzi kwanza

Wengi wanakimbilia kwenye faida na hasara. Mimi naanza na mkaguzi, kwa sababu yeye anaweka sahihi yake na anaogopa kuiweka mahali pabaya. Tafuta aya inayozungumzia uwezo wa klabu kuendelea na shughuli kwa miezi 12 ijayo. Ukikuta maneno "mashaka makubwa", au ukisoma kwamba klabu inategemea mmiliki aendelee kuweka fedha, pigia mstari mwekundu.

Halafu tazama tarehe. Derby iliwasilisha hesabu za mwaka ulioishia Juni 2018, kisha kimya. Miaka ikapita bila hesabu mpya kuonekana. Klabu inayochelewesha hesabu imeshakupa jibu, hata kama hujaona namba moja.

Hatua ya 3: Gawa mapato mafungu matatu

Viingilio vya mlangoni, haki za matangazo, na biashara, yaani wadhamini, jezi na mengineyo. Chukua asilimia ya kila fungu. Fungu moja likizidi nusu ya mapato yote, andika pembeni, tutalirudia mwishoni. Fedha za kuuza wachezaji usizichanganye humu.

Hatua ya 4: Mishahara gawanya kwa mapato

Ukiwa na dakika moja tu, fanya hesabu hii. Jumla ya mishahara, gawanya kwa mapato, zidisha kwa 100. Chini ya 60 nalala vizuri. Ikivuka 70 naanza kuuliza maswali. UEFA nayo imeweka kikomo cha asilimia 70 kuanzia msimu wa 2025/26 kwa klabu zinazocheza mashindano yake, na humo inajumlisha mishahara, gharama za usajili na malipo ya mawakala.

Mwezi Agosti 2021, rais wa Barcelona, Joan Laporta, alisimama mbele ya waandishi akasema mishahara ya klabu ilikuwa asilimia 103 ya mapato na madeni yalifika yuro bilioni 1.35. Siku chache kabla, Messi alikuwa ameondoka huku akilia, kwa sababu kanuni za matumizi za La Liga hazikuruhusu aandikishwe tena. Klabu yenye mashabiki kila pembe ya dunia ilishindwa kumbakiza mtoto wake iliyemlea.

Kwenye Championship, daraja la pili la Uingereza ambalo Derby ilikuwemo, klabu zote zikijumlishwa zimewahi kulipa mishahara kuzidi mapato yao yote, tena si msimu mmoja. Kinachozisukuma ni fedha za televisheni zilizopo Ligi Kuu. Derby ilifungwa fainali ya kupanda daraja mwaka 2014 na QPR kwa goli la dakika ya 90, ikafungwa tena 2019 na Aston Villa 2-1. Mara mbili dakika 90 ziliitenganisha na fedha hizo, na kila mara gharama za kikosi zilibaki palepale.

Hatua ya 5: Jua mchezaji anaandikwaje vitabuni

Hapa punguza mwendo, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea.

Klabu ikinunua mchezaji kwa milioni 10 na kumpa mkataba wa miaka minne, haiandiki gharama ya milioni 10 mwaka ule. Inaigawa: milioni 2.5 kila mwaka, hadi mkataba uishe na thamani yake vitabuni iwe sifuri. Ni utaratibu halali, na una mantiki.

Sasa ona unavyovutwa. Januari 2023 Chelsea walimchukua Enzo Fernández kutoka Benfica kwa karibu paundi milioni 107, mkataba wa miaka minane na nusu. Gawanya: ni karibu milioni 12.6 kwa mwaka. Kwa mkataba wa miaka mitano ingekuwa zaidi ya milioni 21. Bei ni ileile, fedha zinazodaiwa na Benfica ni zilezile, lakini kitabu cha mwaka kinaonekana chepesi. Mwaka huohuo UEFA ikaweka ukomo wa miaka mitano katika kugawa gharama hiyo, na Desemba Ligi Kuu ya Uingereza ikafuata.

Derby walipita njia nyingine. Badala ya kugawa sawasawa, walikadiria kwamba mchezaji atakuwa bado na bei ya kuuzika siku za mbele, hivyo gharama kubwa ikasukumwa kuelekea mwisho wa mkataba. Kama mchezaji wetu wa milioni 10 unamkadiria kuuzika milioni 8, miaka ya mwanzo haina mzigo wa maana. Tatizo ni kwamba mchezaji huumia, hushuka kiwango, au humaliza mkataba akaondoka bure, na mzigo wote unaanguka kwa pamoja. Bodi ya EFL, inayosimamia ligi za chini ya Ligi Kuu, ilipinga utaratibu huo hadi ngazi ya rufaa na kushinda Mei 2021.

Kwa hiyo fungua maelezo ya nyuma, sehemu ya sera za uhasibu, usome njia ambayo klabu yako inatumia. Ukikuta neno lolote linaloashiria "thamani inayokadiriwa kubaki", uliza anayekadiria ni nani.

Jambo moja zaidi: kijana aliyelelewa kwenye akademi thamani yake vitabuni ni sifuri, kwa hiyo akiuzwa, bei yote ni faida. Ukiona klabu inauza vijana wake kila mwisho wa mwaka wa hesabu, huenda kocha hakuwa na la kusema.

Hatua ya 6: Ondoa kila kinachouzwa mara moja tu

Kwenye zile hesabu za 2018, Derby ilionyesha faida ya paundi milioni 14.6 kabla ya kodi. Mtu wa haraka angepiga makofi. Ukishuka kwenye maelezo unakuta uwanja wa Pride Park uliuzwa kwa takriban milioni 81, ukiwa vitabuni na thamani ya milioni 41. Aliyeununua ni kampuni ya Mel Morris, mmiliki wa Derby yenyewe.

Sasa toa. Faida ya uwanja ni karibu milioni 40. Milioni 14.6 toa 40, unabaki na hasara ya takriban milioni 25. Hiyo ndiyo hali ya mwaka ule. Jopo huru lililosikiliza shauri halikuikuta Derby na kosa kwenye thamani ya mauzo hayo, na naheshimu uamuzi huo. Lakini mimi sitafuti kosa, natafuta kama kesho mishahara italipwa, na uwanja hauuzwi mara mbili.

Fanya hivyohivyo kwa hoteli, eneo la mazoezi, timu ya wanawake, au asilimia ya haki za televisheni za miaka ijayo. Barcelona mwaka 2022 iliuza robo ya mapato yake ya televisheni ya La Liga kwa miaka 25. Fedha zinaingia leo, na kila rais ajaye anakuta robo imeshaondoka.

Hatua ya 7: Fuata fedha taslimu

Niliwahi kuitwa kusaidia klabu moja ya daraja la chini. Kitabu kilionyesha ziada. Wachezaji walikuwa hawajalipwa miezi mitatu, na kijana mmoja alikuwa akilala kwa rafiki yake kwa sababu ametolewa nyumba ya kupanga. Nilipochimba nikakuta ahadi ya mdhamini imeandikwa kama mapato, wakati fedha yenyewe haijafika benki wala haikufika kamwe. Ziada ilikuwa ya karatasi. Tangu siku hiyo siwezi kufunga kitabu cha klabu yoyote bila kusoma taarifa ya mtiririko wa fedha.

Angalia mambo matatu: fedha iliyopo benki siku ya kufunga mwaka, madeni ya kulipwa ndani ya miezi 12, na humo ndani kiasi kinachodaiwa na klabu nyingine kwa wachezaji walionunuliwa kwa awamu, pamoja na kodi ya serikali. Fedha iliyopo igawe kwa mishahara ya mwezi. Jibu ni idadi ya miezi ambayo klabu inaweza kuishi.

Hatua ya 8: Uliza mmiliki akiondoka itakuwaje

Mel Morris alichoka kuweka fedha. Septemba 2021 Derby iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, ikakatwa pointi 12. Novemba ikakatwa nyingine 9 kwa makosa ya hesabu. Wayne Rooney alikuwa kocha, timu ilipigana kweli, lakini pointi 21 hazizibiki. Ilishuka daraja 2022, na mfanyabiashara wa pale Derby, David Clowes, akainunua na kuiokoa.

China hapakuwa na wa kuokoa. Jiangsu ilitwaa ubingwa Novemba 2020, na Februari 2021 ikasitisha shughuli, kwa sababu kampuni iliyoimiliki, Suning, ilikuwa taabani. Guangzhou, mabingwa wa China mara 8 na wa Asia mara 2, waliegemea kampuni ya majengo ya Evergrande. Ilipoanguka nao wakayumba, na Januari 2025 wakatoweka kwenye soka la kulipwa.

Kwa hiyo chukua hesabu, futa kila shilingi iliyotoka kwa mmiliki, kisha rudia hatua ya 7.

Hatua ya 9: Panda hadi kwenye ligi

Sasa rudi kwenye lile fungu lililozidi nusu. Mara nyingi ni matangazo, na hapo afya ya klabu inashikwa na mkataba ambao haikuusaini yenyewe. Ufaransa, kampuni ya matangazo ya Mediapro iliahidi takriban yuro milioni 800 kwa msimu kuanzia 2020. Oktoba mwaka huohuo ikashindwa kulipa, na Desemba mkataba ukavunjwa. Klabu zilishasajili kwa kutegemea fedha ile. Mkataba wa 2024 na kampuni nyingine ya matangazo, DAZN, nao ulidumu msimu mmoja, na 2025 ligi ikaanzisha chaneli yake, Ligue 1+. Katikati ya miaka hiyo Bordeaux, mabingwa wa Ufaransa mara 6, walipoteza hadhi ya klabu ya kulipwa, ingawa wao walikuwa na madeni yao mengine pia.

Kenya tuliona SuperSport wakijitoa 2017 na SportPesa wakifuata 2019, na klabu zikabaki zikichangisha nauli za mechi za ugenini. Tanzania, Azam Media walisaini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na tofauti imeonekana kwa macho.

Andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako jina la mwenye haki za matangazo ya ligi yako na mwaka mkataba wake unapoisha. Kwa Tanzania andika 2031. Kisha fungua mikataba ya wachezaji ambayo klabu yako imesaini, uhesabu ni mingapi inavuka mwaka huo.