Jinsi ya kuomba komine ichukue betri na matairi ya zamani mjini Lubumbashi

Nyuma ya garaji nyingi za Kampemba na Kenya, komine (manispaa) mbili za Lubumbashi, betri zilizokufa hulala ukutani zikimngoja mnunuzi wa mitraye, yaani vyuma chakavu. Akifika, anataka zimwagwe maji kwanza, maana ananunua kwa kilo. Maji hayo ni asidi iliyobeba madini ya risasi, na katika mji huu ambako parseli (viwanja vya nyumba) nyingi zina kisima, kinachomwagwa uani kinaweza kuishia ndooni. Kwa hiyo, kabla ya karatasi yoyote: usimwage, usipasue, usimuuzie anayekuomba umwage.

Panga mzigo na uuhesabu

Betri zisimame wima juu ya mbao, chini ya paa, vichwa vimefunikwa kwa utepe wa fundi umeme. Iliyopasuka iingie katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko, kamwe si ya chuma. Weka chokaa karibu ya kunyunyizia asidi ikimwagika, na mtu asivute sigara hapo, kwa sababu betri hutoa gesi ya haidrojeni. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, halafu mpeleke mtu hospitali.

Matairi nayo yakae pakavu. Mvua zetu, Novemba hadi Aprili, huyajaza maji, na mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengi na chikungunya, hupenda kutaga humo. Kuyachoma ni kuwapa majirani moshi wa sumu.

Sasa andika orodha: betri ngapi za gari dogo, ngapi za lori, ngapi zimepasuka, matairi mangapi. Betri ya gari dogo huwa na kilo 12 hadi 20 hivi, kwa hiyo anayesoma orodha ataweza kukadiria gari la kutuma.

Andika barua

Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu ulinzi wa mazingira inaweka usimamizi wa takataka mikononi mwa Serikali, jimbo na vyombo vya mitaa, na komine ni mojawapo ya vyombo hivyo. Barua basi inakwenda kwa burgumestre, mkuu wa komine yako. Iandike kwa Kifaransa, lugha ya ofisi, na mada iwe fupi: *Demande d'enlèvement de batteries et de pneus usagés* (ombi la kuchukuliwa betri na matairi yaliyotumika). Taja jina lako, simu, avenue na namba, kartye (mtaa), orodha yako, na siku unazopatikana. Kisha ongeza sentensi ambayo watu wengi huiacha, nami naiona kuwa ndiyo moyo wa barua: omba uambiwe kwa maandishi nani atachukua mzigo na ataupeleka wapi.

Mwonyeshe pia chefu wa kartye. Yeye anajua parseli yako, na wakala akija kukagua atapita kwake.

Toa nakala tatu: moja ya sekretarieti ya komine, moja ya huduma ya mazingira, moja yako. Usiondoke kabla nakala yako haijapigwa muhuri na tarehe ya kupokelewa. Ukiombwa malipo, dai *note de perception* (hati rasmi ya kulipia) na ulipe benki, si mkononi.

Siku ya makabidhiano

Andikeni karatasi yenye tarehe, idadi, jina la anayechukua, namba ya gari lake na mahali mzigo unapokwenda, mtie saini wote wawili. Akisema anavusha betri mpakani Kasumbalesa kwenda Zambia, mwombe kibali. Kwa mujibu wa Mkataba wa Basel, mkataba wa kimataifa kuhusu kusafirisha takataka hatari, betri za risasi zilizotumika ni takataka hatari, na hazivuki mpaka bila ridhaa ya maandishi ya nchi zinazohusika.

Usione haya kumuuliza hivyo. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, kwa hiyo jiko la makaa linatosha kuiyeyusha uani, na vumbi lake humwingia mtoto anayechezea udongo huo. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegali, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali watu walipokuwa wakitoa risasi kwenye betri kuukuu. Walio hai wenye risasi mwilini hudhurika ubongo, na madhara hayo hayarudi nyuma.

Komine ikikaa kimya

Rudi na nakala yenye muhuri, uulize barua imefika meza gani. Bila jibu, andika barua ya pili kwa divisheni ya mazingira ya jimbo la Haut-Katanga, uambatanishe nakala ile na orodha, na umpelekee burgumestre kopi. Wakati huo betri zibaki zimesimama, na matairi yageuzwe kila baada ya mvua.