Kuandaa Kadi za Picha kwa Ziara ya Wanafunzi wa Elimu Maalumu

Mwanafunzi mwenye usonji au ulemavu wa akili anapogoma kushuka garini, mara nyingi hajui kinachomsubiri nje, na maelezo aliyopewa asubuhi kwa mdomo yameshamtoka. Kadi ya picha humsaidia kwa sharti moja: ionyeshe kitu kilekile atakachokikuta.

Kwa hiyo mwalimu atangulie kwenda na simu yake. Ikiwa ziara ni ya Makumbusho ya Elimu Viumbe jijini Arusha, ndani ya boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900, apige picha ya lango, mahali pa kulipia, vyoo, sehemu ya kulia chakula na Coaster yenyewe itakayokodiwa, akiinama hadi usawa wa macho ya mtoto. Mchoro wa choo uliotolewa kwenye intaneti hauna maana kwa mtoto ambaye choo anachokijua ni cha shuleni kwake. Asiyeelewa picha bado apewe kitu halisi, kwa mfano bakuli lake, kuashiria chakula.

Robo ya karatasi ya A4 yatosha kwa kila kadi. Zilaminishwe stesheneri, pembe zikatwe ziwe butu, kisha zitobolewe na kufungwa kwenye pete ya funguo kwa mpangilio wa safari. (Plastiki hung'aa juani hata picha isionekane, geuza kadi kivulini kabla ya kudhani mtoto hataki kutazama.) Seti moja ipelekwe nyumbani siku chache kabla, ili mzazi aipitie naye jioni.

Safarini, onyesha kadi mbili tu, ya sasa na ya baadaye, ukitamka neno moja, kisha unyamaze umpe nafasi. Jambo likiisha, mtoto mwenyewe aigeuze kadi.

Kadi mbili husahaulika sana, nazo ndizo zenye kazi kubwa: ya kusubiri na ya mabadiliko. Foleni ya magari karibu na Mnara wa Saa wa Arusha au mvua ya ghafla huvuruga ratiba yoyote. Kadi ya mabadiliko ifundishwe darasani mapema, tena kwa mabadiliko ya kufurahisha kwanza, kama vile uji kubadilishwa kwa ndizi mbivu, la sivyo mtoto ataichukulia kuwa kadi ya habari mbaya na kuitupa.

Mtoto naye awe na kadi zake za kusemea: choo, maji, kelele, nimechoka. Mfumo wa PECS, ulioanzishwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost, humfundisha mtoto kumkabidhi mtu picha na kupewa anachokihitaji. Akikukabidhi kadi ya kelele, mtoe nje papo hapo, hata kama mwongozaji yuko katikati ya maelezo. Ukimwambia angoje kwanza, atarudia kupiga mayowe.

Jina la shule na namba ya simu ya mwalimu viwekwe mfukoni mwa mtoto, visining'inizwe kifuani wapita njia wakavisoma. Seti ya akiba akae nayo matroni, kwa kuwa kadi hudondoka.