Kukusanya katuni za zamani za mashujaa katika jalada gumu ukiwa Uganda

Hadithi zilezile za miaka ya 1960 zinauzwa leo kwa sura tatu au nne tofauti, na jina lililo jaladani halikuelezi kilichomo. Usianze na duka. Anza na namba.

1. Orodhesha namba za matoleo ya awali

Chukua Spider-Man. Alianza katika Amazing Fantasy namba 15, mwaka 1962. Marvel, kampuni inayomchapa, huzirudia hadithi zake katika Masterworks, ambazo ni juzuu za unene wa kawaida zenye matoleo kama kumi kila moja, na katika Omnibus, ambazo ni matofali hasa. Masterworks ya kwanza ina hiyo namba 15 pamoja na Amazing Spider-Man namba 1 hadi 10. Omnibus ya kwanza inafika namba 38. Sasa mwenye Omnibus hiyo akinunua Masterworks ya nne, yenye namba 31 hadi 40, amelipia kitabu kizima kwa sababu ya namba mbili tu, na hizo mbili zimo katika Omnibus ya pili. Chagua mfululizo mmoja kwa kila shujaa, ubaki nao.

Anayemfuata Black Panther asitafute vitabu vyenye jina lake peke yake: alitokea kwanza katika Fantastic Four namba 52, mwaka 1966. Kwa upande wa DC, kampuni inayochapa Superman na Batman, juzuu za jalada gumu zinazoitwa Archive Editions, zilizoanza 1989, hazichapwi tena, kwa hiyo utazipata kwa wauzaji wa mitumba, na bei hutegemea tamaa ya muuzaji.

2. Linganisha ISBN

ISBN ni namba ya utambulisho wa kitabu. Omnibus moja inaweza kutoka na majalada mawili, kila moja na ISBN yake, ndani kukiwa na kurasa zilezile. Kagua tarakimu zote 13 kabla ya kulipa. Kitabu kikiwa kimetumika, omba picha za pembe nne, mgongo, na kitabu kikiwa wazi katikati. Muuzaji anayekwepa picha ya mgongo, mwache.

3. Piga hesabu ya uzito

Omnibus nene hufika kilo 3. Kampuni za mizigo ya ndege kwa kawaida huzidisha urefu, upana na kimo cha sanduku kwa sentimita, zikagawa kwa 5000, kisha zikatoza kati ya jibu hilo na uzito wa mizani ule ulio mkubwa. Sanduku la 36 × 26 × 14 linatoa kilo 2.6, hivyo utalipia kilo zako 3 na uzito wa sanduku. Kitabu hichohicho kikitiwa katika sanduku la 45 × 35 × 25 kinahesabiwa karibu kilo 8! Mwambie muuzaji atumie sanduku dogo, lakini aache sentimita 3 za kinga kila upande, kwa sababu pembe ndizo huumia kwanza.

Mzigo uandikwe "vitabu vilivyochapwa", kundi la ushuru 4901, na risiti ibandikwe nje. Ukiandikwa "vifaa vya burudani", unajitafutia maswali ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, bure. Kodi waulize wao kabla ya kuagiza. Ukitumia Posta, andika sanduku lako la posta pamoja na namba ya simu.

4. Kagua siku kinapofika

Piga picha sanduku likiwa bado limefungwa. Ondoa nailoni ya kiwandani. Ikiachwa miezi mingi huvuta majalada yakapinda. Pitia kurasa zote ukitafuta zilizorudiwa, zilizokosekana au zilizopinduliwa, kabla muda wa kurudisha haujaisha. Kabla ya kusoma, laza kitabu mezani, fungua kurasa chache za mwanzo, chache za mwisho, ukielekea katikati huku ukikandamiza taratibu. Ukikipasua katikati mara moja, gundi ya mgongo huvunjika.

5. Rafu

Kampala na Entebbe, mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba huleta unyevu ambao karatasi ya kung'aa haiupendi: hujikunja, na ikilowa kurasa hugandana. Acha sentimita 5 kati ya rafu na ukuta. Chini kabisa usiweke kitu, mchwa huanzia huko.

Omnibus kumi ni kama kilo 30 katika sentimita 60, na mbao zilizotengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa hupinda. Tumia mbao za milimita 18 zenye nguzo kila sentimita 60. Simamisha vitabu wima, vikibanana kiasi. Kikiinama, kurasa hujivuta kwa uzito wake na kung'oka kwenye jalada. Rafu isiyojaa, laza vitabu, visizidi vitatu kwa rundo.