Ukiona anwani inayoanza na 169.254

Kompyuta imeunganishwa, taa ya kebo inawaka, lakini intaneti hakuna. Kabla ya kuzima chochote, fungua dirisha la amri uandike ipconfig kwenye Windows; kwenye Linux ni ip addr. Utaona anwani ya IP, namba inayotambulisha kompyuta kwenye mtandao. Anwani ikianza na 169.254, kompyuta imejipa namba yenyewe baada ya kuomba anwani kwa DHCP (huduma inayogawa anwani, kwa kawaida ndani ya ruta) na kukosa jibu. Usikimbilie kumpigia mtoa huduma: hitilafu iko kati yako na ruta, au kwenye ruta yenyewe. Kagua kebo na swichi, kisha angalia kama ruta imeishiwa anwani za kugawa. Hili la mwisho husahaulika mno. Mtandao wa /24, yaani ukubwa wa kawaida wa nyumbani, una anwani 254 tu za vifaa, na ruta nyingi hugawa sehemu yake tu. Simu za wageni zikishikilia anwani saa 24 kila moja, nafasi hujaa hata wenyewe wakishaondoka. Punguza muda huo kwenye ruta hadi saa 2 hivi, halafu andika ipconfig /renew kwenye kompyuta ili iombe anwani upya.

Anwani ikiwa sawa, tuma ping (amri ya kujaribu kama kifaa kinajibu) kwa ruta, kisha kwa 8.8.8.8, seva ya Google iliyoko kwenye intaneti, kisha kwa jina la tovuti. Namba ikijibu na jina lisipopatikana, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba.