Kuuza vitu vya msaada kwa mnada wa mtandaoni: mwongozo kwa maduka ya hisani

Wenzangu wanaojitolea katika maduka ya hisani hapa Uingereza, yaani maduka yanayouza vitu vilivyotolewa bure ili mapato yaende kwa shirika la hisani, na miongoni mwao Watanzania na Wakenya si wachache, huniuliza mara kwa mara kama mnada wa mtandaoni unalipa kweli au unawapotezea watu muda. Nimefanya kazi hiyo kwa miaka tisa katika chumba cha nyuma cha duka moja kaskazini mwa nchi, na jibu langu ni kwamba unalipa, ila kwa sehemu ndogo sana ya vitu tunavyoletewa. Mnada hauongezi thamani ya kitu. Unachofanya ni kuwakutanisha watu wawili wanaokitaka kitu kile kile, watu ambao wasingepita mtaani kwetu hata baada ya miaka kumi. Wasipokuwapo hao wawili, kitu kile kile kingeuzwa vizuri zaidi kwenye rafu ya mbele.

Ushahidi mzuri uko Marekani. Goodwill, shirika lililoanzishwa Boston mwaka 1902 na mchungaji wa Kimethodisti Edgar J. Helms, lina tovuti yake ya mnada iitwayo ShopGoodwill, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Goodwill ya Orange County, California. Mwaka 2006 picha iliyochorwa na Frank Weston Benson, iliyoletwa Goodwill ya Portland, Oregon, na mtu asiyejulikana, iliuzwa katika tovuti hiyo kwa dola 165,002. Mwanzoni mwa 2024 kinyago kidogo cha dhahabu cha Lego, kampuni ya vitu vya kuchezea, kilicholetwa Pennsylvania, kilipata zaidi ya dola 18,000. Nawaomba msiifanye mifano hii kuwa kipimo cha mapato yenu, kwa sababu vitu vya namna hiyo ni vya bahati. Hata hivyo, mkumbuke pia kisa cha upande wa pili: mwaka 2018 kichwa cha marumaru kiliuzwa katika duka la Goodwill mjini Austin, Texas, kwa dola 34.99, na baadaye wataalamu wakathibitisha kuwa ni sanamu ya Kirumi ya miaka elfu mbili hivi. Tofauti ya visa hivi ilianzia kwenye meza ya kuchambulia mifuko, na ndiyo maana mwongozo huu unaanzia hapo.

Hatua ya kwanza: kuchambua

Tengeni rafu moja, na mtu mmoja anayeijua, kwa ajili ya vitu vya mtandaoni. Nguo za kawaida zisifike kwenye rafu hiyo. Ziende mbele dukani, na zisiponunuliwa zitachukuliwa na wafanyabiashara wa marobota, ambao sehemu ya mzigo wao huishia Gikomba na Karume ikiitwa mitumba. Blauzi ya pauni nne huuzwa dukani kwa dakika mbili, na hakuna mnada unaoweza kushindana na dakika mbili.

Vinavyostahili rafu hiyo ni vile ambavyo mnunuzi wake ni mtu wa kutafuta: kamera za filamu na lenzi zake, santuri, vyombo vya fedha, kauri zenye alama ya kiwanda, Lego, saa za mkononi, vifaa vya ushonaji, vitabu vya ufundi vilivyokwisha kuchapwa zamani. Mfundisheni kila anayechambua kugeuza kitu na kutazama chini yake. Kauri igongwe polepole kwa ukucha, kwa sababu kauri nzima hulia kama kengele na yenye ufa hulia kwa sauti iliyokufa. Kisha kidole kizungushwe ukingoni, maana kidole huona pengo ambalo jicho limelipita. Kamera ifunguliwe mahali pa betri, kutu ya kijani itazamwe, halafu lenzi imulikwe kwa tochi ili kuona kama ukungu umeota ndani mfano wa utando wa buibui.

Fedha ndiyo inayotuponyoka zaidi, kwa kuwa ikikaa inakuwa nyeusi na watu huidhania bati. Siku moja nilikuta kijiko cha chai kimelala chini ya mfuko wa nguo za mtoto, kikiwa cheusi kama kilichotoka jikoni kwenye kuni, na mwenzangu alikuwa ameshakitupa katika ndoo ya vyombo vya senti hamsini. Nilikifuta mpini kwa pindo la aproni, nikaona mihuri: simba anayetembea, ambaye nchini Uingereza ni alama ya fedha ya kiwango cha 925, yaani sehemu 925 za fedha safi katika kila elfu, na pembeni yake nanga, alama ya ofisi ya upimaji ya Birmingham. Kichwa cha chui kingemaanisha London. Wafundisheni watu wenu mihuri hiyo mitatu tu na muibandike ukutani juu ya meza. Itawaingizia fedha nyingi kuliko mafunzo yoyote marefu.

Hatua ya pili: kujua bei iliyolipwa

Msitazame bei ambayo wauzaji wanaomba. Mtu anaweza kuombea birika pauni mia mbili kwa miaka mitatu bila kulipwa hata senti. Katika eBay, tovuti ya kuuzia na kununulia vitu, chujeni matokeo ili mwone vilivyouzwa tu, kisha tazameni vitano au sita vinavyofanana kabisa na chenu, kwa alama, kwa ukubwa na kwa hali. Santuri ni ngumu zaidi, kwa sababu toleo la kwanza na la kumi yanaweza kuwa na jalada moja. Someni namba iliyochongwa kwenye eneo tupu karibu na karatasi ya katikati. Msiponunua muda wa utafiti huu, mtanunua majuto.

Hatua ya tatu: kuchagua kati ya mnada na bei ya kudumu

Hapa ndipo maduka mengi yanapopotea, kwa hiyo nitaeleza taratibu. Katika mnada wa eBay, mnunuzi huandika kikomo chake cha juu, na mfumo humpandishia dau kidogo kidogo kadiri anavyopingwa. Tuseme mmoja ameweka kikomo cha pauni 80 na wa pili ameweka pauni 31. Bei itasimama kwenye pauni 32, na aliyekuwa tayari kutoa 80 atakichukua kitu chenu kwa 32. Kwa maneno mengine, bei yenu inawekwa na mnunuzi wa pili, na kama hakuna wa pili mtapata bei ya kuanzia tu, hata kama wa kwanza ni tajiri.

Kutokana na hilo nafuata kanuni moja. Kitu ambacho huuzwa mara nyingi kwa bei inayojulikana nakiwekea bei ya kudumu na kukiacha kikae. Mnada nauweka kwa kitu ambacho sina hakika na thamani yake lakini nina hakika kwamba kina wapenzi wengi, kama saa isiyo ya kawaida au boksi la vito vilivyochanganyika. Bei ya kuanzia ya senti 99 huvutia macho, nami naitumia pale tu ambapo nimeona vitu vitano vya namna hiyo vikigombaniwa. Vinginevyo naanzia kwenye kiasi ambacho sitasikitika nikikipata. Wekeni siku saba, mnada ufungwe Jumapili jioni watu wakiwa nyumbani, na msitishwe na utulivu wa siku za katikati, kwa sababu wanunuzi wazoefu huweka dau katika sekunde za mwisho.

Hatua ya nne: kuandika tangazo

Piga picha kando ya dirisha, juu ya shuka nyeupe, bila taa ya dari. Kitu chote kwanza, halafu alama, halafu kila kasoro kwa karibu, huku rula ikiwa pembeni. Kichwa cha tangazo kiwe na jina la mtengenezaji, aina, namba ya modeli, rangi na ukubwa. Maneno kama "nzuri sana" yanakula nafasi ambayo mnunuzi angeitumia kuwapata.

Kuhusu kasoro, semeni yote. Mwaka wangu wa kwanza niliuza kamera nikaandika kwamba iko katika hali njema, na ni kweli ilibofya vizuri. Sikuwa nimemulika lenzi. Mnunuzi, mzee aliyekuwa akirudia kamera ya ujana wake, aliniandikia kwa upole akiwa ameambatisha picha ya ukungu, na nilirudisha fedha yote pamoja na gharama za posta mbili. Hasara ya pauni haikuniuma kama jina la hisani yetu kuwa chini ya barua ile. Tangu hapo naandika "imejaribiwa" pale tu ninapoweza kusema nilijaribu nini na kwa namna gani.

Hatua ya tano: kufunga na kutuma

Pima uzito na vipimo kabla ya kuweka tangazo, si baada ya kuuza. Kifurushi kidogo cha Royal Mail, posta ya Uingereza, kina kikomo cha sentimita 45 kwa 35 kwa 16, na kitu kinachozidi kidogo tu huhamia daraja la ghali zaidi na kula faida yote. Kauri ifungwe kwa plastiki ya mapovu, iingie katika boksi, na boksi hilo liingie katika boksi jingine lenye sentimita tano za karatasi kila upande. Ukilitikisa ukasikia chochote, fungua uanze upya.

Hatua ya sita: haki za mnunuzi na za mtoaji

Kwa kanuni za mwaka 2013 za mikataba ya wateja, mnunuzi wa mtandaoni anayenunua kwa mfanyabiashara ana siku 14 za kubadili nia tangu apokee kitu, na kitu kilichouzwa eBay kwa mnada kinaingia humo. Hisani haisameheki kwa kuwa ni hisani. Vifaa vya umeme visitoke bila kupimwa usalama na mtu mwenye ujuzi.

Jambo linalosahaulika ni Gift Aid. Mtoaji anayelipa kodi hapa Uingereza akisaini fomu, hisani hudai kwa serikali senti 25 juu ya kila pauni ambayo vitu vyake vimeuzwa. Kibandiko chenye namba yake huwa kwenye mfuko, na mfuko ukishachanwa kibandiko hutupwa pamoja nao. Sisi tulipoteza robo hiyo kwa miezi mingi kabla ya kutambua. Sasa namba huandikwa kwenye karatasi ndogo inayofungwa kwa uzi kwenye kitu chenyewe, na haikatwi mpaka kitu kinapoingia ndani ya boksi la posta.

Hatua ya saba: kuhesabu bila kujidanganya

Fungueni daftari lenye safu sita: bei iliyolipwa, ada ya tovuti, posta na vifungashio, Gift Aid, dakika zilizotumika, na bei ambayo kitu kingepata dukani. Chukueni mfano wa kitabu kilichouzwa pauni 9. Baada ya ada, posta na bahasha zinabaki pauni 5, na kimetumia dakika 35 za utafiti, picha, maandishi na safari ya posta, ilhali dukani kingepata pauni 2 kwa dakika tatu. Faida ya pauni 3 imenunuliwa kwa zaidi ya nusu saa ya mtu, na mtu huyo anayejitolea angeweza kuchambua mifuko minne kwa muda huo. Muda wa wanaojitolea una bei hata kama haulipwi mshahara.

Fanyeni hivyo kwa miezi mitatu, kisha pangeni daftari kwa aina za vitu. Tulipofanya hivyo sisi tuliona kwamba kamera, fedha na Lego vilibeba karibu faida yote, na kwamba vitabu vya hadithi, vikombe visivyo na seti na nguo zilikuwa zinajaza meza tu. Tuliweka sharti kwamba kitu kisichotarajiwa kubakiza pauni 12 baada ya makato yote kisipigwe picha. Idadi ya matangazo yetu ilipungua kufikia chini ya nusu, mapato yakabaki pale pale, na siku mbili kwa juma zilizookolewa tulizirudisha kwenye meza ya kuchambua, kwa dada mmoja wa Mombasa ambaye sasa ndiye anayegeuza kila kijiko.